Baba amenishonea Kaunda suti ya usaili, nami naona haya kuivaa

BARUA

Shikamoo mama,

Mimi ni kijana wa miaka 27, naishi Mbagala, nimepanga chumba kimoja na mwenzangu tuliyesoma naye chuo. Nilimaliza shahada ya uhasibu miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo nakaa kwenye kibanda cha uwakala wa pesa za simu. Kibanda si changu, mwenyewe ananilipa kwa mwezi, na kila tangazo la kazi ninaloliona naomba. Nimeitwa usaili mara mbili tu na mara zote nimekosa. Sasa nimeitwa mara ya tatu, nafasi ya afisa mikopo katika taasisi moja ya mikopo midogo, ofisi zao ziko Kijitonyama. Ni Jumanne ya mwisho wa mwezi huu, saa tatu asubuhi, niende na vyeti halisi.

Wengine wataliona tatizo langu dogo, lakini linaninyima usingizi. Sijui nivae nini.

Usaili wa kwanza nilivaa jinzi nyeusi, shati jeupe na raba nyeusi. Nilijiambia nyeusi ni nyeusi, nani atachungulia miguu. Nilipoingia, mmoja wa wasaili, mama wa makamo, alinitazama kuanzia kichwani akashuka taratibu mpaka kwenye raba, akabaki hapo. Hakusema neno. Dakika kumi baadaye nilikuwa nje.

Usaili wa pili nikaazima koti la jirani. Jirani ni mtu wa mazoezi, ana mabega. Mikono ya koti ilinifika kwenye vidole. Muda wote nilikuwa naikunja chini ya meza, jasho linanitiririka mgongoni, wakaniuliza swali la riba nikababaika, basi, nikaaga.

Jioni ile nilimpigia baba. Baba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, yuko Makambako. Nikamwambia, "Baba, kazi za siku hizi wanaangalia mavazi." Alinyamaza kidogo, akasema, "Haya, nimesikia."

Baada ya wiki tatu akanipigia: nenda stendi ya Magufuli, kuna mzigo wako kwenye basi la asubuhi. Nikaenda Mbezi, nikapewa boksi la sabuni limefungwa kwa kamba ya katani. Ndani kuna Kaunda suti. Ya kijivu, mikono mifupi, mifuko minne, na suruali yake ya kitambaa hichohicho. Ameishona fundi yuleyule aliyekuwa akimshonea baba enzi za ualimu mkuu. Vipimo hawakunipima. Baba alichukua suruali yangu ya kidato cha sita iliyobaki nyumbani akampelekea fundi, akamwambia mtoto hajanenepa. Kwenye mfuko wa kifuani alikuwa amechomeka kalamu mbili, moja ya bluu, nyingine nyekundu. Mdogo wangu wa kike ameniambia kwa siri kuwa baba aliuza magunia mawili ya mahindi aliyokuwa ameyaweka akisubiri bei ipande.

Mwenzangu alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. "Kaka, hii nguo ya mwenyekiti wa kijiji. Ukiingia nayo watakuuliza mkutano wa hadhara ni saa ngapi." Akaniambia hata Kenya bungeni wamezipiga marufuku. Nilicheka naye, lakini usiku nilijisikia vibaya kwamba nilicheka.

Dada yangu alipopata habari akazungumza na mumewe. Shemeji yangu yuko kwenye kampuni ya bima, ana suti tatu. Amekubali kuniazima ya bluu iliyoiva. Ni nzuri kweli, ila ni kubwa kwangu kwenye kiuno na mabegani. Na shemeji, mama, ni mtu wa kukumbusha. Kwenye msiba wa babu alisimama mbele za watu akataja jeneza alinunua yeye. Ameshaniambia, "Ukitoka pale upeleke dry cleaner, si kufua na Omo."

Mfukoni nina elfu thelathini na tano mpaka siku hiyo, nauli ikiwemo.

Kinachonimaliza zaidi ni hiki. Baba anataka picha. Amesema asubuhi ya usaili, kabla sijatoka, nipigwe picha nimevaa suti yake, nimtumie mdogo wangu kwenye simu yake ili yeye aione, maana yeye ana kitochi. Nimefikiria niivae, nipige picha, nitume, halafu niivue nivae ya shemeji niondoke. Baba atafurahi na mimi sitaonekana mshamba. Lakini kila nikilipanga jambo hilo nahisi kama namwibia mtu kitu.

Nivae ipi, mama? Na ile picha nifanye nayo nini?

Kijana wa Mbagala

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa kukosa usingizi. Tatizo lako si dogo. Wanaosema nguo si kitu mara nyingi wana kabati lililojaa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama ulivyoiandika: huku Kaunda suti ya baba, huku suti ya shemeji, wewe katikati. Mara ya pili nikawahesabu watu wanaokuvisha. Baba anakuvisha kutoka Makambako. Shemeji anakuvisha kwa masharti. Mwenzako anakuvua kwa kicheko. Na yuko yule mama wa makamo wa usaili wa kwanza, ambaye hata hakukwambia kitu, naye bado anakutazama miguuni mpaka leo. Wote hao wamejaa katika chumba kimoja cha Mbagala, na Jumanne hakuna hata mmoja wao atakayeingia nawe mlangoni.

Hebu kwanza niulize jambo kuhusu zile safari mbili ulizokosa. Una hakika ni nguo?

Sisemi nguo haikuwa na neno. Raba kwenye usaili wa ofisini ilisema kitu, na jinzi ikaitikia. Kwenye mageti ya ofisi nyingi za serikali utakuta zimebandikwa picha za mavazi yasiyoruhusiwa, na tangu waraka wa mavazi ya watumishi wa umma wa mwaka 2007 watu wameshazoea kupima jinzi kwa kipimo hicho hata mahali ambapo waraka wenyewe haufiki, kama kwenye kampuni binafsi. Kwa hiyo macho ya yule mama huenda uliyasoma sawasawa. Lakini huenda pia alikuwa anatazama chini akifikiria jibu lako, au kiatu chake mwenyewe kinambana. Hukuambiwa. Umejaza mwenyewe.

Usaili wa pili ndio ulionifanya nirudi kuisoma barua. Mikono ya koti umeieleza vizuri hadi nimeiona. Kisha ukaandika, harakaharaka, "wakaniuliza swali la riba nikababaika, basi, nikaaga". Mwanangu, hapo umepita mbio kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai.

Nimewahi kukaa upande wa pili wa meza, miaka niliyokuwa kwenye kamati ya chama cha akiba na mikopo. Fomu tuliyokuwa tukijaza ilikuwa na mstari mmoja tu wa unadhifu. Mistari mingine yote ilikuwa ya majibu. Na swali la riba kwa anayeomba kazi ya mikopo halikosekani. Nalisema hapa kwa kuwa ni la kazi hiyohiyo unayokwenda kuiomba, na wengine wanaosoma huenda wana usaili wiki hii. Mteja amekopa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 3 kwa mwezi. Kama riba haipungui, kila mwezi atalipa 36,000 ya riba mpaka mwisho, hata pale deni limebaki laki moja tu. Jumla ya riba ni 432,000. Kama riba inahesabiwa kwa deni lililobaki, na kila mwezi anapunguza 100,000 ya mkopo, mwezi wa kwanza riba ni 36,000, wa pili 33,000, inashuka hivyo mpaka mwezi wa mwisho 3,000. Jumla yake 234,000. Asilimia ni ileile 3, na mama anayeuza samaki Feri ameokoa karibu laki mbili. Ukiweza kulisema hilo taratibu, kwa mfano wako mwenyewe, mezani patatokea ukimya mwingine kabisa na ule unaouogopa.

Sasa fikiri. Ungemwambia baba jioni ile, "Baba, nimeshindwa swali la hesabu", yeye mwalimu angekutumia nini? Sidhani angemwita fundi. Ulimwambia wanaangalia mavazi, akatafuta dawa ya ugonjwa ulioutaja. Sikulaumu. Tukikosa kitu tunatafuta sababu inayoonekana, na koti linaonekana kuliko hesabu. Lakini kabla ya kuamua uvae nini, jiulize kama nguo haijabebeshwa mzigo usio wake. Huenda ukagundua Kaunda suti na suti ya bluu zote zina uzito mdogo kuliko ulivyozipa.

Tuzitazame basi, moja moja.

Kaunda suti. Mwenzako amekwambia kweli kuhusu Kenya, ila ameikata nusu. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alizuia wabunge kuingia nazo bungeni. Lakini mwaka huohuo Rais William Ruto mwenyewe alikuwa akizivaa hadharani kila mara. Nguo isiyovaliwa na mtu haipigwi marufuku. Na huko bungeni walikuwa wanazungumzia kanuni za bunge lao. Kijitonyama si bungeni.

Nguo yenyewe ina heshima yake. Kenneth Kaunda, aliyeiongoza Zambia tangu 1964 hadi 1991, ndiye aliyeiachia jina, na hapa kwetu viongozi wa rika la baba yako waliivaa kwa sababu ilimwezesha mtu kuwa nadhifu bila tai shingoni. Mikono mifupi ile haikuwa mapambo, ilishonwa kwa ajili ya jua. Ukitoka Mbagala na magari mawili, ukashuka kituoni saa mbili na nusu, mwenye koti zito utamjua kwa mgongo wake. Tena kazi unayoiomba ni ya kutembea: vikundi vya kina mama, sokoni, kwenye vijiwe vya bodaboda. Afisa mikopo hakai kwenye kiyoyozi siku nzima.

Ubaya wake ni kwamba mtu anaweza kweli kuiona akakuwekea umri usio wako. Kama wasaili ni vijana wenzako wenye mashati ya kubana, huenda mmoja akatabasamu. Je, ukiona tabasamu hilo utaendelea kuzungumza, au utarudi kwenye mikono ya koti la jirani? Hili ndilo la kujipima, na wewe tu ndiye unayejua jibu. Nguo ya kawaida uliyoivaa kwa raha huwa haina maneno mengi. Nguo nzuri unayoionea haya huwa inazungumza kabla yako, na inazungumza vibaya.

Kuna jambo jingine hukuliandika, sijui hulioni au unalikwepa. Suti hii imeshonwa kwa kipimo cha kidato cha sita. Je, umeivaa ukakaa? Barua yote umeniambia rangi yake, mifuko yake na kalamu zake, hukuniambia inakutosha au haikutoshi. Ivae leo usiku. Keti kwenye kiti cha plastiki, siyo kitandani. Inama ufunge kamba za kiatu. Nyoosha mkono kama unayesalimia watu watatu ng'ambo ya meza. Kama kifungo cha tumboni kinalalamika, mpelekee fundi wa mtaani afumue mishono ya pembeni. Fundi wa zamani, hasa wa mikoani, huacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono kwa kujua watu hubadilika miili. Geuza suruali ndani nje utaona. Kazi hiyo haifiki mbali na pesa yako.

Suti ya shemeji. Rangi ya bluu iliyoiva haina ugomvi na mtu, ni kweli. Ukiingia nayo hakuna atakayetabasamu wala kushangaa, na huenda hicho ndicho unachokitaka: kupita bila kuonekana. Sikatai, kuna siku mtu anahitaji hilo. Lakini umeniambia ni kubwa kiunoni na mabegani. Kiuno mkanda utakishika, suruali ikajikunja kama gunia chini ya koti lakini haionekani sana. Mabega hayashikiki. Koti lililozidi mabega ndilo lililokutoa jasho safari iliyopita, na mabega fundi hawezi kuyagusa bila kulifumua koti lote, tena koti la watu.

Halafu kuna bei yake. Umeyaandika mwenyewe, jeneza la babu limetajwa msibani. Ukipata kazi, kila mkusanyiko wa familia utasikia habari za suti ya bluu. Ukikosa utazisikia pia, kwa sauti ya chini zaidi. Labda hilo unaweza kulibeba. Wapo wanaobeba, wanacheka, maisha yanasonga, na mtu mwenye kukumbusha mara nyingi ni mtu ambaye hakuna aliyewahi kumshukuru vizuri. Ila mfikirie na dada yako. Yeye ndiye aliyekwenda kuomba, na yeye ndiye atakayebaki nyumbani na mwenye suti kola ikirudi na doa. Muulize dada, pembeni, kama anafurahi uichukue au alifanya hivyo kwa kukuonea huruma tu.

Kuna njia ambazo hukuzitaja, nadhani kwa sababu mawazo yamebanwa na nguo mbili. Shati jeupe la mikono mirefu unalo, lile la usaili wa kwanza. Suruali ya kitambaa ya mtumba kwenye soko la Karume, ukifika asubuhi wanapofungua mabalo na ukawa mvumilivu wa kupekua, inapatikana kwa pesa uliyonayo, ikabaki ya nauli. Tai unaweza kuazima bila mtu kuitangaza msibani. Shati, tai, suruali iliyonyooka na kiatu kilichopigwa kiwi: maafisa mikopo wengi ninaowaona mitaani huvaa hivyo hivyo. Hasara yake ni kwamba nguo ya baba inabaki boksini, na wewe utakuwa unajua ipo boksini.

Au suruali ya baba, ile ya kijivu, pamoja na shati lako jeupe. Kijivu na nyeupe havijawahi kugombana. Hapo utakuwa umevaa nusu ya magunia mawili. Kuna mtu ataona ni busara, kuna mtu ataona ni kumkata mzee vipande viwili. Mimi sijui baba yako angeionaje.

Hapo ndipo tunafika kwenye picha.

Umesema unahisi kama unamwibia mtu kitu. Sitaki kukuharakisha kulitoa hilo moyoni, maana linaonyesha unajua jambo fulani. Lakini pia sitaki ujihukumu kama jambazi. Watoto wengi huwatunzia wazazi wao furaha kwa njia za mkato, na wazazi nao hututunzia. Aliyekwambia mahindi yameuzwa ni nani? Siyo baba. Naye amekuficha.

Tembea na picha hiyo hatua mbili mbele uone inakofika. Ukipata kazi: simu ya mdogo wako itazunguka Makambako yote. Fundi ataitwa aone. Baba atawaambia wastaafu wenzake kwamba nguo yake ndiyo iliyofungua mlango, na wewe kila ukienda likizo utaitikia, "Ndiyo baba." Unaweza kuitikia miaka mingapi? Wengine huweza, na hadithi inakuwa tamu hadi wao wenyewe wanaiamini. Ukikosa kazi: atakuuliza kama fundi alikosea kola. Atajiona yeye ndiye aliyekukosesha, kwa nguo ambayo hata haikufika Kijitonyama. Mimi katika hayo mawili, la pili linaniumiza zaidi.

Upande wa pili, kumwambia ukweli nako kuna hatari zake. Kuna namna ya kusema inayovunja mtu. "Baba, hii imepitwa na wakati" ni maneno machache, lakini kwa mwalimu aliyesimama mbele ya darasa miaka yote ile akiwa ndani ya nguo hiyo, anaweza kusikia kwamba yeye ndiye aliyepitwa. Usimpigie ukiwa umekasirika, wala mwenzako akiwa pembeni anacheka.

Lakini kuna simu nyingine unayoweza kupiga, isiyo ya kukubali wala kukataa. Mpigie jioni, wakati ameshakula, umuulize siku aliyokwenda kuripoti kazini mara ya kwanza alivaa nini. Nani alimnunulia. Alipanda gari gani. Nina wasiwasi hujawahi kumuuliza. Sisi wazazi tuna hadithi hizo zimelala tu, zinangoja mtu. Huenda ukaambiwa kwamba Kaunda suti ya kwanza aliazima, na mikono ikamfika kwenye vidole. Huenda akakwambia mwenyewe, "Mwanangu, nilituma tu usikose nguo, vaa inayokufaa." Huenda akasema kitu kitakachokufanya uivae kwa kifua mbele, mwenzako acheke mpaka achoke. Au asiseme lolote kati ya hayo, na utakuwa umezungumza na baba yako robo saa kuhusu kitu kisicho pesa. Baada ya hapo suala la picha litakuwa limebadilika sura, hata kama sijui litakuwa na sura gani.

Na huyo mwenzako usimchukie. Amekosa kazi kama wewe, mnalala chumba kimoja, kucheka ndiyo nauli yake ya kila siku. Ila muulize swali moja: yeye usaili wake wa mwisho alivaa nini, na alipata?

Machache ya mkono kabla ya Jumanne, vyovyote utakavyovaa. Piga pasi Jumapili jioni, usingoje Jumatatu usiku umeme ukatike ukabaki unahangaika na pasi ya mkaa na jivu lake. Usiivae nguo ya siku hiyo ukakaa nayo kibandani kwanza "kwa saa moja tu". Kiatu kiwe ulichokwisha kukitembelea, kipya kitakuchubua ukaingia unachechemea. Ukiweza, panda gari na fulana, beba nguo kwenye mfuko safi, ubadilishe ukishafika karibu. Nenda na leso mbili, moja ya jasho, nyingine ya kiatu. Na zile hesabu za riba zifanye kwa mkono, kwenye karatasi, mara tano, mkopo tofauti kila mara. Wateja wanapopungua kibandani mchana unao muda.

Niandikie baadaye, ukipata au ukikosa. Nitataka kujua ulivaa nini, lakini zaidi nitataka kujua baba alisema nini ulipomuuliza.

Ile kalamu ya bluu ichukue. Kwenye usaili kuna fomu za kujaza, na wengi hufika bila kalamu wakaanza kuazimana kwenye benchi. Ile nyekundu sijui aliiweka ya nini. Muulize.